Kichwa cha Mrashi

Saa mbili asubuhi, Jumatatu moja ya Machi 1997, kobe wa Bi Zuweina aliwekewa mchicha na hakuugusa. Kesho yake aliwekewa tango, akalipa kisogo. Alipokataa na mawaridi, ambayo kwa kawaida aliyafuata mpaka jikoni, Bi Zuweina alimtuma mpwa wake Hamzah ofisi ya mifugo, Wete, akamlete daktari.

Dk. Samah alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyerudi kutoka masomoni mwaka uliotangulia. Watu wa mtaa walikuwa bado hawajajua yeye ni wa chama gani, na yeye hakuwasaidia kujua. Alimfungua kobe mdomo kwa kijiti, akatazama ulimi, macho na mapaja. Hakuona jeraha, povu wala kuhara.

"Anaitwa nani?"

"Waziri," alisema Hamzah. "Marehemu ami, mumewe Bi, ndiye aliyempa jina. Akisema hula kila kitu na hasemi kitu."

Bi Zuweina hakucheka. "Kalishwa sumu," alisema, na kidevu chake kikaelekea ng'ambo ya uchochoro. "Wale."

Wale ni nyumba ya Mwanawema. Uchochoro baina ya nyumba hizo mbili ulikuwa mwembamba kiasi cha mtu kuweza kupitisha sahani kutoka dirisha moja hadi la pili, na kwa miaka mingi sahani zilipita. Kisha ukaja uchaguzi wa vyama vingi. Mume wa Mwanawema, karani wa serikali, alibaki na chama chake. Mtaa uliobaki ukenda na chama cha pili. Tangu hapo nyumba ile haikuuziwa samaki, haikualikwa harusini, na salamu zake hazikuitikiwa. Kitu cha mwisho kuvuka uchochoro kilikuwa mrashi, chombo cha kunyunyizia marashi.

Mrashi wenyewe ulikuwa wa fedha, wenye tumbo la mviringo, shingo ndefu, na kichwa cha matundu kinachofungwa kwa kuzungushwa. Bi Zuweina aliurithi kwa mama yake. Mama wa Mwanawema alipofariki, mwezi wa Agosti uliopita, Bi Zuweina aliwaazima mrashi huo kwa khitma, kwa hoja kwamba maiti hana chama, ingawa Hamzah hakutaka. Rahila, binti wa Mwanawema, aliurudisha kesho yake umefunikwa kitambaa. Mwezi wa Oktoba mrashi ulitafutwa kwa ajili ya harusi, ukakutwa hauna kichwa. Rahila akaitwa mwizi. Hakuna aliyetaka ushahidi zaidi. Nyumba ilikuwa ile, na aliyeubeba alikuwa yeye.

Rahila alikuwa amekwisha kuposwa na mwalimu mmoja wa Mgogoni. Ami wa mposaji, Mzee Duni, ndiye aliyesemea ukoo. Alikuja mara moja, akanywa chai, akasema kwa adabu kwamba hawakatai, ila wanangoja jina la binti lisafike. Idi ikapita, na harusi iliyopangwa baada yake haikuwa.

Dk. Samah aliyajua hayo kwa sababu Bi Zuweina alimweleza yote bila kuulizwa. Alichouliza yeye ni kimoja: vitu gani hukaa chini, mahali ambapo kobe anaweza kuvifikia.

"Nyumba hii haina vitu vya kuzagaa, mwanangu," alisema Bi Zuweina. "Mie mrashi wangu siuweki kabatini ila nimeuziba matundu kwa nta, na nta yenyewe naichanganya na unga wa karafuu, kama alivyonifundisha mama. Marashi hayakauki, sisimizi haingii. Uliza mtaa mzima, kuna mwengine afanyaye hivyo?"

"Hakuna," alisema Hamzah. "Wengine hutia kitambaa tu."

"Basi. Mara moja tu sikuziba. Pale waliponirejeshea wale. Niliupokea na kitambaa chake, nikautia kabatini vile vile, sikuugusa mpaka Oktoba. Ningeugusa ningejua siku ile ile kwamba hauna kichwa."

Dk. Samah alisema kwamba hakuona dalili ya sumu, na kwamba kobe aliyekataa chakula ghafla, huku macho yake ni mazima, mara nyingi amemeza kitu. Aliagiza aogeshwe maji ya vuguvugu kila asubuhi na apewe mafuta kwa sindano isiyo na ncha. Kama kitu ni kidogo, kitatoka chenyewe.

Hakikutoka. Waziri alizidi kupungua uzito, na alipoguswa mguu aliuvuta taratibu kuliko awali. Wiki ya pili Dk. Samah alimpeleka hospitali, akamwomba mtaalamu wa eksirei ampige picha baada ya wagonjwa kwisha. Mtaalamu alicheka, kisha akapiga.

Picha ilionyesha gamba, mifupa, na upande wa kushoto, mahali pa tumbo, kitu cheupe kuliko mifupa. Kilikuwa na umbo la duara, kama tunda dogo la tunguja, na chini yake kikonyo kifupi chenye mistari iliyolala sambamba.

Hamzah aliinua picha dirishani, uani kwa Bi Zuweina. Alikaa nayo muda mrefu.

"Yakhe," alisema hatimaye. "Kino ndicho kichwa cha mrashi."

"Ni kitu cha madini," alisema Dk. Samah. "Zaidi ya hapo picha haisemi."

"Daktari, hii si mistari ya parafujo? Bi, hebu tazama."

Bi Zuweina alitazama. Aliirudisha picha haraka kuliko alivyoipokea.

"Wamemlisha," alisema Hamzah. "Wameona aibu imewazidi, wamemtupia kobe ili ionekane ni yeye. Watu wale!"

"Au alikiokota," alisema Dk. Samah.

"Wapi? Kabatini?"

Dk. Samah alieleza kwamba kitu kimekaa karibu na mlango wa kutokea tumboni, chakula hakipiti, na njia iliyobaki ni upasuaji: atakata gamba la chini, afungue tumbo, akitoe, ashone. Kobe anaweza kufa mezani. Asipopasuliwa atakufa, ila kwa kuchelewa.

"Mwache," alisema Bi Zuweina.

Hamzah aligeuka. "Nini?"

"Mnyama wa watu, mzee, kumkata kwa msumeno! Kama ajali yake imefika, imefika."

"Bi, ndimi niliyemfuata daktari kwa amri yako. Ulisema ukimkosa Waziri umemkosa ami mara ya pili."

"Nimesema mwache."

Dk. Samah aliliona badiliko hilo na akaliweka akilini. Hakujua maana yake. Mtu anaweza kuogopa msumeno; mtu anaweza kuogopa kitu kingine.

Lakini Hamzah alitoka akalitangaza jambo dukani, na kabla ya adhuhuri Mwanawema alisimama mlangoni kwa Bi Zuweina. Hakuwa amesimama pale tangu mwezi wa Oktoba. Hakuingia.

"Assalaam alaykum. Nasikia mna kitu cha kwangu tumboni mwa kobe."

"Cha kwako?" alisema Hamzah. "Mrashi wa nani?"

"Mrashi wenu. Jina la mwanangu. Mfungueni. Lakini mie niwepo. Sitaki mtoe msumari mkaniambia ndicho."

"Na mie niwepo," alisema Hamzah. "Sitaki uingize mkono wako pale."

"Mkono wangu una nini?"

"Weye wajua."

"Bwana Hamzah, mkono huu ulikuosha pua ulipokuwa mdogo. Hukuuogopa."

Hamzah alikuwa wakala wa chama chake siku ya kuhesabu kura, na tangu hapo hakuna jambo alilolitazama ila kwa jicho la wakala. Alikuwa akipenda kusema kwamba yeye hatii saini asichokiona. Pale pale alitoa masharti. Kobe atiwe sanduku la mbao, sanduku litiwe kufuli mbili, ufunguo mmoja akae nao yeye na wa pili Mwanawema. Kila upande uwe na wakala mmoja chumbani. Mwanawema aliyakubali masharti yote, akaongeza lake: Mzee Duni aitwe, ashuhudie, kwa kuwa yeye ndiye anayengoja. Bi Zuweina hakusema ndiyo wala la. Mbele ya mtaa uliokusanyika, kukataa kungekuwa na maana yake, na watu walikuwa wakimtazama.

Dk. Samah alitoboa matundu ya hewa kwenye sanduku. Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

Mkesha wa upasuaji, alasiri, Rahila alikwenda ofisi ya mifugo peke yake. Alisimama karibu na sanduku, mikono nyuma.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Usiliguse sanduku, tafadhali."

"Siligusi. Nimeweka mikono nyuma uone." Alizitazama kufuli mbili. "Akifa usiku?"

"Nitamfungua vile vile."

"Bi Zuweina akisema azikwe?"

"Mimi nimepewa mgonjwa, na ugonjwa wake uko tumboni. Nitamfungua."

"Na ukikitoa, watasema nilimlisha mimi."

"Wanaweza kusema. Ulimlisha?"

Rahila alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Hujui?"

"Sijui."

"Sikumlisha."

"Vizuri," alisema Dk. Samah. "Nimekusikia. Kesho nitaangalia."

Asubuhi, kufuli mbili zilifunguliwa na watu wawili waliokataa kutazamana. Dk. Samah alichora mstari wa chaki sakafuni, akawaweka nyuma yake Hamzah, Mwanawema na Mzee Duni, mtu mrefu mwenye kofia iliyodariziwa na sauti ndogo.

"Kama kituoni siku ya kura," alisema Duni.

"Kituoni tulikuwa karibu zaidi," alisema Hamzah.

"Kituoni hakukuwa na damu," alisema Dk. Samah. "Msivuke."

Alimchoma Waziri dawa ya usingizi begani, akangoja mpaka shingo ilipolegea na kope zilipoacha kuitika. Alipitisha mpira mwembamba kwenye koo la hewa, akaunganisha mfuko wa mpira, na msaidizi wake akawa anauminya kwa mpango, kwa kuwa kobe aliyelala hapumui vya kutosha mwenyewe. Kisha akamlaza chali, akamwegemeza kwa vifuko vya mchanga, akasugua gamba la chini kwa iodini.

Alikata kwa msumeno mdogo wa mifupa pande tatu, bapa la msumeno likiwa limeinama ili kipande kitakaporudishwa kikae mahali pake kisitumbukie. Upande wa nne, wa nyuma, aliuacha ushikwe na misuli, kipande kisikose damu. Vumbi la gamba lilinuka kama pembe iliyoungua. Mzee Duni alitazama dari. Mwanawema hakupepesa macho.

Chini ya gamba kulikuwa na utando, na kwenye utando mishipa miwili mikubwa ya damu. Alipasua katikati yake. Alilivuta tumbo kwa nyuzi mbili mpaka mdomo wa kidonda, akalizungushia pamba zenye maji ya chumvi, akalichana. Ukuta wa ndani ulikuwa na donda la zamani, kingo zake zimekwisha kuwa ngumu na nyeupe. Alilisema hilo kwa sauti kabla ya kugusa kitu kingine.

"Maana yake?" aliuliza Hamzah.

"Maana yake kitu hiki hakikuingia mwezi huu. Donda la namna hii linataka miezi. Awali kilikaa pembeni, chakula kikipita. Karibuni kimesogea."

Mwanawema alivuta pumzi. Hamzah alisema, "Miezi mingapi?"

"Sijui. Mingi."

Aliingiza koleo, akatoa kitu, akakiweka kwenye sahani ya chuma. Kililia.

"Kitu cha fedha, kimegeuka cheusi," alisema Dk. Samah. "Umbo la tunguja. Kina parafujo. Juu kina matundu. Matundu yote yamezibwa."

"Yamezibwa na nini?" aliuliza Mzee Duni.

"Sijui bado. Kikae hapo kikitazamwa. Mimi nashona."

Akashona. Tumbo alilishona mara mbili, safu juu ya safu, akaliosha, akalirudisha. Utando ukafungwa. Kipande cha gamba kikarudishwa, na juu yake akapaka gundi na kitambaa cha faiba, vile vile vinavyotumika kuziba boti. Wakati wote huo watu watatu nyuma ya chaki walikitazama kitu cheusi kwenye sahani.

Alipomaliza, Bi Zuweina alikuwa amekwisha kufika barazani na mrashi wake ndani ya kanga. Aliitwa. Alimtazama kwanza kobe, akaona mfuko wa hewa unapanda na kushuka, akasema alhamdulillahi. Kisha akachukua kichwa kutoka kwenye sahani, akakifuta kwa kanga, akakizungusha juu ya shingo ya mrashi. Kiliingia mpaka mwisho bila kukwama.

"Ndicho," alisema Hamzah.

"Ndicho," alisema Mwanawema.

Bi Zuweina alikuwa amechomoa pini ya mtandio na anachokoa tundu moja.

"Bi Zuweina," alisema Mzee Duni kwa sauti yake ndogo, "unatoa nini?"

"Uchafu."

"Subiri, bibi," alisema Dk. Samah. "Nipe."

Bi Zuweina aliendelea kuchokoa. Dk. Samah alinyoosha mkono na kuuacha hapo, wazi, mpaka mrashi ulipowekwa juu yake. Alichimbua kidogo kwenye tundu la pili, akaweka kwenye kijiko, akakipitisha juu ya taa ya spiriti. Kitu kilichokuwa kigumu kikawa maji ya kahawia. Harufu ilienea chumbani, na Pemba nzima hakuna pua isiyoijua: nta, na ndani ya nta, karafuu.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Anayeazima mrashi huzibua matundu ili anyunyize, haurudishi umezibwa. Nta ya karafuu ilikuwa ya nyumba moja. Aliyeziba matundu yale alikiziba kichwa baada ya mrashi kurudi, na ili akizibe lazima kichwa kiwepo.

Mwanawema alivuka mstari wa chaki. Hakumsogelea mtu. Alivuka tu, akasimama.

"Hamzah," alisema. "Weye ni wakala wao. Umeona nini?"

Hamzah alimtazama Bi Zuweina. Bi Zuweina alikuwa anaitazama pini yake.

"Labda," alisema Hamzah, "labda huko kwenu nako kuna nta..."

"Umesema mwenyewe mbele ya daktari, nami dirishani kwangu nasikia, hakuna mwengine. Sikuulizi labda. Umeona nini?"

Nje mtu alikuwa akimpigia hodi msaidizi na hakuitikiwa.

"Nimeona nta ya Bi," alisema Hamzah.

"Na mimi nimeiona," alisema Mzee Duni. "Nimeinusa. Nyumbani wanangoja habari, nami nitakwenda nayo."

Bi Zuweina alikaa kwenye kiti kitupu cha wenye mifugo. "Siku ile uliporudi mrashi nilikuwa naanika mawaridi jamvini," alisema, kama anamweleza mtu aliye mbali. "Labda nilikaa nao pale. Labda nilikifungua, nikakiziba, nikakiweka juu ya mawaridi kikauke. Waziri hupenda mawaridi. Labda niliitwa. Nimesahau."

"Umesahau," alisema Mwanawema.

"Nimesahau, Mwanawema."

"Tangu lini? Tangu Agosti au tangu ulipoiona picha?"

Bi Zuweina aliirudisha pini kwenye mtandio. Dk. Samah alikuwa na vipimo vya damu, vya kinyesi na vya joto. Cha kumjua aliyesahau na aliyeficha hakuwa nacho, kwa hiyo hakutoa maoni. Alisema tu kwamba kobe akae mahali pakavu penye joto, asiingizwe majini, na kwamba gamba lake litachukua zaidi ya mwaka kushikana.

Waziri aliamka jioni ile, akavuta miguu yote minne ilipoguswa. Wiki ya tatu alikula waridi moja.

Mzee Duni alirudi kutoka Mgogoni na jibu: harusi ipo, mwezi wa Mei, na walioitwa ni pande zote. Dukani Hamzah aliulizwa kama ni kweli, akasema ni kweli, alikuwepo. Mtu mmoja alimwita msaliti. Hamzah akamwambia basi wakati mwengine aende yeye.

Siku ya harusi, saa nne asubuhi, Bi Zuweina alivuka uchochoro na mrashi mikononi, umejazwa marashi, matundu yake wazi. Nyuma yake alikuja Hamzah, shahidi. Alibisha hodi mlangoni kwa Mwanawema.

Mwanawema alitoka, na nyuma yake jirani mmoja wa kike, naye shahidi. Hakuupokea mrashi papo hapo. Ukiwa bado mikononi mwa Bi Zuweina, alikizungusha kichwa mpaka kikatoka, akakiinua kila mtu akione, akakirudisha, akakikaza. Kisha akaupokea.